Stuli Mlangoni mwa Gari

Watu huja gereji kwangu na gari bovu, au na kipuri mkononi, au na matusi. Mwalimu alikuja na stuli. Aliishika kwa mguu mmoja, ikining'inia pembeni ya suruali yake iliyopigwa pasi, na kwapani alibana daftari kubwa la jalada gumu, lile ambalo madukani wanaliita kaunta buku. Tangu astaafu sikumwona hata mara moja akija na kimoja bila kingine.

Namwita Mwalimu kwa sababu sijui kumwita vinginevyo. Alinifundisha hesabu shule ya msingi, kisha ukubwani tukajikuta majirani huku Singida Mjini, nyumba tatu kutoka gereji yangu, upande wa Ziwa Kindai. Yeye naye hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Kumi na Saba, ndiyo namba yangu kwenye rejista ya darasa. Aliniita hivyo mbele ya wateja, mbele ya mke wangu, na siku moja mbele ya askari wa usalama barabarani, ambaye alianza kutafuta kosa namba kumi na saba ni lipi.

Shida yake ilikuwa moja na mtaa mzima uliijua. Mke wake, ambaye wote tulimwita Mama, alipata kiharusi mwaka uleule Mwalimu alipostaafu. Upande wa kushoto ukalegea. Mama kwao ni Mitundu, huko mbele ya Itigi, na huko alikuwa na dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Dada alikuwa amezeeka, macho yamekwisha, hatoki hata uani bila kushikwa mkono. Kwa hiyo kama hawa wawili walikuwa waonane tena, ilikuwa lazima wa Singida amfuate wa Mitundu.

Walijaribu basi mara moja. Ngazi za basi zilimshinda Mama, kondakta na mpiga debe wakamnyanyua juujuu kama gunia, kitenge kikafunguka, na stendi nzima ikaona. Wapo waliocheka. Mama aliteremshwa, akajifunga kitenge chake taratibu kwa mkono mmoja uliokuwa mzima, akamwambia mume wake warudi nyumbani. Tangu siku hiyo alisema ataingia kwenye chombo kwa miguu yake mwenyewe au hataingia kabisa.

Ndipo Mwalimu akaamua kununua gari la familia. Msije mkadhani tatizo lilikuwa hela. Kiinua mgongo kilikuwapo benki, hakukigusa, na watoto wao wawili, mmoja Dodoma na mwingine Dar es Salaam, waliahidi kuongeza. Mimi nilimwambia mapema kabisa, "Mwalimu, kodi gari siku mbili, mpeleke Mama, mrudi. La kununua utalitafuta kwa nafasi."

Aliniangalia kama mtu aliyemwambia moja kujumlisha moja ni tatu. "Kumi na Saba, mimi huyu mwanamke nilimtoa kwao kwenye baiskeli ya kuazima. Dada yake alisimama mlangoni akanitazama mpaka nikapotea. Nikamwambia kwa sauti, mbele ya watu, siku nitakayomrudisha kusalimia nitamrudisha na gari langu. Sasa nirudi na gari la watu?"

"Miaka mingapi imepita, Mwalimu? Dada atakuwa ameshasahau."

"Juzi kaniuliza kwenye simu ni la rangi gani."

Nikarudi chini ya gari nililokuwa natengeneza.

Sasa stuli. Mwalimu aliipima nyumbani kwa kumkalisha Mama kwenye vitu vyote walivyokuwa navyo: kochi, kiti cha kulia chakula, ndoo iliyopinduliwa, kitanda. Akapata kimo ambacho Mama aliweza kukaa na kuinuka bila kusaidiwa, akachongesha stuli ya kimo hicho kwa seremala, ya mninga. Halafu akampima ni juu kiasi gani anaweza kuunyanyua ule mguu wa kushoto, akachora mstari wa wino mwekundu kwenye mguu wa stuli. Kiti cha gari kilitakiwa kiwe sawa na stuli. Sakafu ya gari isizidi mstari. Na uvungu uwe juu vya kutosha kwa njia ya Mitundu ukishaacha lami, maana kule ni mchanga kiangazi na tope masika. Mtu yeyote anayejua magari anaona tatizo liko wapi. Gari la kufaa mguu wa Mama lilikuwa chini mno kwa ile njia, na gari la kufaa ile njia lilikuwa juu mno kwa mguu wa Mama.

Hata hivyo alitafuta. Popote aliposikia gari linauzwa, Unyankindi, Misuna, njia ya Ikungi, hata Iramba kwa basi, alikwenda. Alimsalimia mwenye gari, akafungua mlango wa mbele kushoto, akaweka stuli chini, akachuchumaa na kupeleka rula kutoka kwenye stuli mpaka kwenye kiti. Madalali walimcheka mwanzoni. Baadaye walizoea, wakawa wanapigiana simu kuambizana, "Mzee wa stuli anakuja huko, osheni gari."

Magari hakuyaita kwa majina ya kampuni. Aliyaita watahiniwa. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake kwenye daftari, namba yake, na alama zake kwa kalamu nyekundu: kiti, sakafu, uvungu, ulaji wa mafuta, upatikanaji wa vipuri hapa Singida, na mwisho tabia. Tabia ilikuwa mimi. Nililala chini ya gari, nikasikiliza injini, nikaliendesha hadi njia ya uwanja wa ndege na kurudi, halafu nikamwambia nilichoona naye akakiandika. Sijawahi kuona mtahiniwa akivuka alama sabini na tano. Nilipomuuliza alama ya kufaulu ni ngapi, alisema itapangwa baada ya kuona matokeo ya wote.

Kijana wake wa Dar alimtumia picha za magari ya nje kwenye simu, kumi kwa siku, yanang'aa. Mwalimu alizitazama zote kwa adabu. "Picha haina uvungu," alisema, akarudisha simu mfukoni. Alichokiamini ni macho yake. Wiki nzima alikaa asubuhi hadi adhuhuri kwenye benchi la muuza chai karibu na stendi, akiandika magari madogo yanayotoka Itigi: lipi limepakaa tope hadi wapi, lipi limevutwa kwa kamba, dereva wa lipi ameshuka akishika kiuno. Polisi walikwenda kumuuliza anaandika nini. Aliwaeleza kwa muda mrefu sana, na mwisho mmoja wao akamwomba ushauri.

Kuna mambo yake mengine sikuyaelewa na mpaka leo siyaelewi. Mtu huyo aliyeshindwa kuchagua gari alichagua kiwanja cha nyumba yake kwa alasiri moja. Mimi nilipokuwa nasitasita kuoa, nikisema ngoja nijipange, alinijia gereji akaniambia, "Binti wa watu anazeeka wewe unajipanga. Nenda Jumamosi." Nikaenda Jumamosi. Alijifunza kuendesha akiwa na mvi, akakaa darasani na vijana wa bodaboda, akafaulu mara ya kwanza na kupata leseni. Leseni hiyo aliiweka mfuko wa shati upande wa moyo. Muda wake ulipokwisha akaihuisha. Nadhani ndiye dereva pekee hapa mjini aliyehuisha leseni bila kuwahi kumiliki hata toroli.

Na alikuwa na neno lake. Darasani, ukishamaliza hesabu ukanyanyuka kukusanya daftari, alikuzuia kwa kiganja. "Kagua tena." Ukirudi na jibu lilelile, "Kagua tena." Nilichapwa mara nyingi shuleni, lakini fimbo ninazozikumbuka ni zile za kukusanya haraka. Nikawa mtu wa kukagua. Wateja wangu wananipendea hilo. Nati nikiikaza naigusa mara tatu, na gari likitoka kwangu halirudi na tatizo lilelile. Hiki nilicho nacho mkononi amenipa yeye, na siku zote nilitaka akione.

Naeleza haya ili mnielewe kuhusu mtahiniwa namba kumi na tisa.

Lilikuwa gari la muuguzi aliyekuwa anahamia Dodoma. Viti vya watu saba, milango ya nyuma ya kusukuma, limetunzwa kama kabati la vyombo. Kufikia wakati huo Mama alikuwa amepata kiharusi cha pili, kidogo, lakini goti lilikuwa limeanza kukakamaa, haliwezi kukunjika sana. Mwalimu alikuwa ameshamrudia seremala akaongezea stuli vipande chini ya miguu, vya msonobari, na mstari mwekundu ulikuwa umefutwa na kuchorwa chini zaidi. Kiti kilikuwa kinapanda na sakafu inashuka. Bado namba kumi na tisa aliweza. Mwalimu aliweka stuli mlangoni, rula ikalala kutoka kwenye mbao hadi kwenye kiti bila kuinama. Alichuchumaa pale muda mrefu. Aliponyanyuka macho yake yalikuwa na maji, akajifanya ni vumbi.

"Kumi na Saba, kagua."

Nilikagua. Injini safi. Gia safi. Chini hakuna kutu. Nikaliendesha, na kwenye kona ya mwisho nikasikia kitu mbele kushoto, kwa mbali, kama mtu anayetafuna karanga mdomo umefungwa. Ilikuwa bushi, kile kipande cha mpira kinachotuliza vyuma vya tairi visigongane. Bushi ni kitu cha asubuhi moja. Nilijua ni bushi nikiwa bado kwenye usukani.

Niliposhuka nikamwambia, "Mwalimu, gari zuri. Ila nasikia kitu tairi la mbele kushoto."

Nilitakiwa kuongeza sentensi moja tu, kwamba nitakibadilisha kabla ya chakula cha mchana. Sikuiongeza. Nilikuwa nasubiri aniulize ni nini, ili nimjibu vizuri, mbele ya muuguzi na dalali, aone mwanafunzi wake amekuwa mtu wa namna gani. Hakuuliza. Alifungua daftari, akaandika, akapiga mstari chini. "Sitini na nane. Mke wangu hawezi kukwama na mguu ule kwenye vichaka vya Itigi." Akachukua stuli yake. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, sikuweza kumkatiza mwalimu wangu akiwa anasahihisha. Nilisimama pale na kitambaa cha grisi mkononi nikimwangalia anavyoondoka.

Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni nikajiambia kesho. Siku ya tatu gari likanunuliwa na mama mmoja mfanyabiashara wa vitunguu wa Misuna, mwanamke mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya ziwa, akalileta kwangu siku hiyohiyo. Nilibadilisha ile bushi. Haikuchukua hata asubuhi nzima. Yeye aling'oa viti vya nyuma apate nafasi ya magunia, na mpaka leo anapita mbele ya gereji akipiga honi, gari limeinama kwa vitunguu, anakwenda minada ya mbali na njia mbaya kuliko ya Mitundu. Kila akipita nasikiliza lile tairi. Halisemi chochote.

Mwalimu sikumwambia. Watahiniwa waliendelea, ishirini, ishirini na moja, na stuli ikaendelea kurefuka. Baada ya msonobari ikaja mikaratusi. Ukiitazama miguu yake ungeweza kusoma ugonjwa wa Mama kutoka juu kwenda chini, mninga, msonobari, mikaratusi, na mistari mitatu ya wino mwekundu, miwili imefutwa vibaya. Kila Jumapili simu ililia kutoka Mitundu. Nilikuwapo siku nyingi, nimekwenda kusalimia. Dada mtu alikuwa na swali lilelile: mnakuja lini? Mama alijibu kwa kile Kiswahili chake cha upande mmoja wa mdomo, "Bado tunatafuta gari." Hakumlaumu mume wake hata siku moja, angalau si mbele yangu. Angemlaumu ingekuwa nafuu. Mwalimu alikuwa anatoka nje kumwagilia mchicha uliokuwa umeshamwagiliwa.

Sasa nije kwenye siku ile, ambayo ni ya mwaka huu.

Alikuja gereji saa mbili asubuhi. Stuli anayo. Daftari hana. Sikuwahi kumwona bila daftari, nikaacha spana chini.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Wamepiga kutoka Mitundu. Dada hali chakula siku ya nne, anamtaja Mama tu. Leo sikuja kukagua. Nitafutie gari lolote linalotembea."

"La kukodi?"

"Nimesema lolote."

Gereji kulikuwa na magari manne, yote yamefunguliwa vifua. Nilipiga simu tatu, wenyewe wako safarini. Wakati nabonyeza ya nne nikasikia honi ninayoijua. Muuza vitunguu alikuwa anatoka kushusha mzigo, gari tupu. Nilikimbilia barabarani nikamsimamisha, nikamweleza kwa maneno mawili, naye akasema, "Panda twende, unanieleza nini, mgonjwa yuko wapi?" Mwalimu alilitazama lile gari. Alilitambua, nina hakika, maana namba za gari alikuwa anazikariri zote. Alipanda akakaa na stuli mapajani.

Mama alikuwa ameshavikwa gauni la safari na kitenge kipya, amesimama uani ameshikilia fremu ya mlango. Muuza vitunguu alisogeza gari mpaka karibu kabisa, akafungua mlango wa mbele kushoto. Mwalimu akaweka stuli chini, mlangoni, kama alivyofanya kwa watahiniwa wote. Stuli ilikipita kiti kwa zaidi ya shubiri. Mstari mwekundu wa mwisho ulikuwa chini kabisa ya sakafu ya gari, karibu na ardhi. Hakutoa rula. Haikuhitajika rula.

Mama alijaribu. Alishika mlango kwa mkono mzima, mguu wa kulia ukapanda, wa kushoto ukabaki. Akajaribu kwa kutanguliza makalio, goti likakataa kukunjika. Mara ya tatu alisema kitu ambacho hakuwahi kukisema tangu ile siku ya stendi.

"Haya, nibebeni."

Tulimbeba, mimi na muuza vitunguu, kwa taratibu zote tunazozijua. Nyonga nayo haikukunjika. Tuliposogeza kidogo tu alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza, tukamrudisha chini.

"Nyuma hamna viti," muuza vitunguu alisema, sasa kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Leteni godoro, Mama. Tukulaze, nitaendesha polepole mpaka Mitundu."

Mama alitikisa kichwa. Alipumzika kwanza, kisha akasema maneno yake moja moja ili tuyasikie. "Kwetu anayefika amelazwa nyuma ya gari ni maiti, mwanangu. Watapiga yowe kabla hamjafungua mlango. Dada yangu haoni, atasikia yowe. Nimuue mimi?"

Nilimtazama Mwalimu nikitegemea atakuwa na jibu, kwa sababu maisha yangu yote alikuwa nalo. Aligeuka akaingia ndani kuchukua simu.

Alirudi nayo. Mama alikalishwa kwenye ile stuli, palepale mlangoni mwa gari, mlango uko wazi, na Mwalimu akashika simu karibu na sikio lake zima. Walizungumza Kinyaturu. Sauti ya dada ilikuwa nyembamba sana. Hatukukaa mbali kwa heshima wala hatukukaribia, tulisimama tu. Mwishoni nilisikia swali ambalo hata mimi nililielewa, Mama akatazama ubavu wa gari, akajibu ni jeupe.

Dada alifariki keshokutwa yake. Mazishini alikwenda Mwalimu peke yake, kwa basi.

Lakini nilitaka kumalizia pale uani. Mama aliporudishwa ndani, muuza vitunguu alibaki kwenye usukani akijifuta macho kwa upindo wa khanga. Mwalimu alichukua stuli, akaipangusa vumbi miguuni, msonobari na mikaratusi, akanisogelea.

"Ile sauti," aliniambia. "Mbele kushoto. Ilikuwa nini?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema ilikuwa kitu kikubwa, boksi la gia, kifo cha gari, na pengine ndicho alichotaka. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha, na mbele yake sijawahi kuweza.

"Bushi, Mwalimu. Niliibadilisha asubuhi moja."

Aliitikia kwa kichwa taratibu mara kadhaa, kama anayefuata hesabu ya mwanafunzi mstari kwa mstari hadi chini.

"Ulikagua vizuri, Kumi na Saba," alisema.

Halafu akaingia ndani na stuli yake, na mimi nikaenda kumwambia muuza vitunguu kwamba anaweza kuondoka.